Mbona Mbwa Wangu Hachezi?

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja: mbwa aliyechukuliwa kituoni, au aliyeokotwa mtaani, anakula, analala, haumi mtu, lakini kucheza hataki. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, maana mengi yaliyomo yanawahusu na waulizaji wengine.

Nikimrushia mpira anakimbia

"Huu ni mwezi wa pili tangu tumchukue Nyota kwenye kituo cha mbwa waliookolewa hapa Nairobi. Tuliambiwa ana miaka kama miwili na aliokotwa sokoni. Hana ugomvi na mtu, na sahani anaimaliza. Lakini nikimrushia mpira anakimbilia nyuma ya tangi la maji, hatoki mpaka niingie ndani. Nimemnunulia mfupa wa plastiki, kamba, na mdoli unaolia; vyote anavipita tu. Je, ndivyo alivyo, au kuna la kufanya?" – Wanjiru, Rongai

Wanjiru, tuanze na mkono wako. Mbwa aliyekulia sokoni anajua kwamba mtu akiinama kisha akanyanyua mkono, kinachofuata ni jiwe. Hana namna ya kujua kwamba leo ni mpira. Kwa hiyo mpira uweke kabatini kwanza. Hata siku yake ikifika usiurushe kwa mkono wa juu: kaa chini, mpe ubavu, uubingirishe pembeni yake uende mbali naye.

La pili, kucheza na binadamu hufundishwa utotoni. Mtoto wa mbwa huzoea mambo mapya kwa urahisi tangu wiki ya 3 hadi ya 12 au ya 14 hivi. Baada ya hapo mlango haufungwi, ila unakuwa mzito. Mwaka 1961 watafiti wa Bar Harbor, jimbo la Maine huko Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalea watoto wa mbwa ndani ya uzio bila kushikwa na watu, na wale ambao hawakuzoeshwa hadi wiki ya 14 ndio waliobaki waoga kuliko wote. Nyota bila shaka alikimbizana na ndugu zake jalalani na kuvutana nao vitambaa. Mchezo anaujua. Asichojua ni kwamba na wewe unaweza kuwa mwenzake.

Kabla ya mazoezi yoyote, apite kwa daktari wa mifugo. Mbwa mwenye maumivu hachezi, na mwenye homa ya kupe hachezi pia. Ehrlichia na babesia, magonjwa mawili yanayoletwa na kupe, ni ya kila siku huku kwetu, na mara nyingi dalili pekee anayoiona mwenye mbwa ni upole uliozidi. Inua mdomo wa juu utazame ufizi: unatakiwa uwe wa pinki. Mbwa wetu wengi wana ufizi mweusi, na kwa hao vuta chini kope la chini la jicho uangalie rangi ya ndani. Ikiwa nyeupe au ya manjano, usingoje kesho. Joto la kawaida, likipimwa njia ya haja kubwa, ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2; likivuka 39.5 hali amelala kivulini, ana homa. Mwombe daktari atazame na meno pia. Mbwa aliyewahi kufungwa mnyororo huutafuna mpaka meno yanavunjika, na mwenye jino lililovunjika atachukua kichezeo akiteme papo hapo, watu waseme hapendi kucheza.

Akiwa mzima, wiki mbili za kwanza achieni pua ifanye kazi, bila wewe. Chemsha robo kilo ya maini ya ng'ombe kwa dakika 15, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa). Kata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, uvikaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka visinate mkononi. Kwenye friji vinakaa siku 3 au 4, vilivyobaki vigandishe. Omena wakavu wasiotiwa chumvi ni wazuri pia, na harufu yao itamfuata hata huko nyuma ya tangi. Vyote hivi kwa jumla visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku, la sivyo ataharisha au atanenepa.

Chukua trei ya mayai ya karatasi. Weka vipande kumi wazi kwenye vishimo vyake, iweke chini pale anapopenda kukaa, uondoke. Kuondoka maana yake ingia ndani ufunge mlango. Kuchungulia dirishani kumefuta kazi ya watu wengi. Akiimaliza trei siku mbili mfululizo, funika nusu ya vishimo kwa karatasi ulizozikunjakunja. Siku kadhaa baadaye funika zote kwa trei ya pili ili aisukume kwa pua. Akianza kuikanyaga na kuichana, mwache aichane, usimkemee wala usiharakishe kufagia. Huo ni mchezo tayari. Ukiona anameza karatasi badala ya kuitema, achana na trei utumie taulo kuukuu lililoviringishwa.

Wengi huharibu hapa kwa haraka. Mbwa mwenye wasiwasi akishindwa mara mbili anaacha kujaribu, kwa hiyo ugumu uongezeke kidogo kidogo, na baada ya siku ngumu mpe siku rahisi. Na asipogusa kabisa chakula anachokipenda, jua hofu imemzidi: ama uko karibu mno, ama kuna jenereta, watoto au mbwa wa jirani. Ondoa kinachomtisha. Kuongeza maini hakutasaidia.

Baada ya hapo ndipo uingie kwenye picha. Kaa chini au kwenye kiti kifupi, mita nne kutoka kwenye trei, ukimpa ubavu, macho kwenye kitabu au simu. Akila kwa utulivu mara mbili, kesho sogea nusu mita. Akisita, rudi mita moja nyuma. Mwangalie kwa pembe ya jicho: kulamba pua pasipo chakula, kupiga miayo hali hana usingizi, kugeuza kichwa, jicho kuonyesha weupe pembeni, mguu mmoja wa mbele kuinuka. Yote hayo ni maneno yake ya kukuambia inatosha. Linalodanganya watu zaidi ni kuganda. Mbwa aliyetulia huhema, hupepesa macho, hubadilisha mkao; aliyeganda amefunga mdomo na hata mkia hausogei. Huyo yuko hatua moja kabla ya kukimbia au kuuma.

Kuna kosa jingine ambalo hata wazoefu hulifanya: kumvuta mbwa kwa chakula mpaka miguuni. Anafuata kipande, anakimeza, anainua kichwa na kujikuta yuko sentimita thelathini kutoka kwa mtu anayemwogopa. Anaruka nyuma, na kesho hata maini yanamtia shaka. Fanya kinyume. Akikusogelea kwa hiari yake hata hatua mbili, dondosha kipande nyuma yake kwa kukizungusha kiganja tu, mkono ukiwa chini. Anakwenda kukifuata, kwa hiyo anapata ahueni ya kuwa mbali nawe, kisha anageuka na kurudi mwenyewe. Kule kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ndiko kunakogeuka kuwa mchezo. Siku moja utaona mwili umelegea, kiuno kinayumba, na kabla hujarusha ameshageuka kusubiri.

Hapo jaribu kumwalika. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha utafiti kuhusu ishara ambazo watu hutumia kuwaalika mbwa wao mchezoni. Kupigapiga sakafu, ambako wengi hufanya, hakukuwa na mafanikio makubwa. Kuinama kama mbwa anavyoinama, na kumrukia kidogo, kulifanya kazi zaidi. Kumrukia Nyota ni mapema mno. Chukua hiyo ya kuinama: piga magoti, shusha viwiko chini ubavu ukimwelekea, hesabu mpaka mbili, kisha inuka ukimbie hatua tatu ukimpa mgongo. Majirani watacheka, wacha wacheke. Akishusha miguu ya mbele, matako juu, au akapiga chafya mbili tatu fupi, amekubali. Cheza dakika mbili uache. Mara tatu kwa siku za dakika mbili mbili zinamfaa kuliko nusu saa ya Jumapili, na daima uache yeye bado anataka.

Baada ya kucheza namna hiyo ndipo vije vichezeo. Jinsi ya kuvitengeneza tumeeleza kwenye barua ya Mama Neema na ya Mwanaisha hapa chini.

Kuhusu muda: waokoaji wa mbwa wana kipimo chao cha makisio, siku 3 za bumbuwazi, wiki 3 za kuzoea ratiba ya nyumba, miezi 3 ya kuanza kujiona wa pale. Mwezi wa pili haujachelewa hata kidogo. Lakini ikiwa umefanya haya kwa miezi miwili na bado haondoki nyuma ya tangi, rudi kwa daktari mzungumzie dawa ya wasiwasi. Zipo, mojawapo fluoxetine, ambayo huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake. Kipimo huandikwa na daktari kwa uzito wa mbwa, usimgawie ya binadamu. Pia kuna mbwa ambaye maisha yake yote atapenda kutafuta kwa pua na hatataka mpira wala kamba. Huyo haumwi. Mtafutie maficho mapya.

Baba mkwe anasema mchezo utamharibu mlinzi

"Shikamooni. Tumechukua mbwa dume wa miaka mitatu, Chui, alikuwa amefungwa kwenye yadi ya magari. Mchana tunamfungia bandani, usiku tunamwachia alinde. Nataka acheze na sisi maana amenyong'onyea sana, lakini baba mkwe anasema mbwa akichezewa atawakaribisha wezi." – Mama Neema, Moshi

Marahaba, Mama Neema, na baba mpe salamu zetu. Mbwa wa polisi hufundishwa kazi kwa mchezo: akimpata anayetafutwa au akinusa kilichofichwa, malipo yake ni mpira au kitambaa cha kuvutana. Mbwa hubweka kwa mgeni kwa sababu anawajua wa nyumbani, na kuwajua huko ndiko kunakojengwa na mchezo. Chui aliyenyong'onyea bandani atambwekea kila mtu, pamoja na Neema akitoka chooni usiku, na mwizi mjasiri akimnyanyulia panga atajificha.

Lakini kwenye jambo moja baba angekuwa na hoja. Wezi hutupa nyama yenye sumu juu ya uzio, na mchezo wa kutafuta chakula uani unaweza kumzoesha mbwa kuokota chochote. Kwa hiyo kwa mbwa wa kulinda, chakula cha mchezo kiwe mahali pamoja tu, ndani ya trei au juu ya gunia lilelile, mbali na uzio, na kila mara mchezo uanze na neno moja, mathalani "tafuta". Hapo hapo mfundishe "acha": funika kipande kwenye ngumi, akiondoa pua mwenyewe mpe kingine kitamu zaidi kutoka mkono wa pili. Kisha fanya hivyo na kipande kilicho chini ya kiatu, mwisho na kilicho wazi. Haizuii sumu kwa uhakika wote; inapunguza.

Ratiba nayo ibadilike. Mbwa anayefunguliwa giza likishaingia hajui sura zenu za mchana. Mfungueni saa kumi na moja jioni, saa nzima kabla ya kazi, na dakika kumi za mwanzo mwacheni anuse uwanja mzima bila kuitwa. Kuitwaitwa wakati huo kunamchosha bure.

Mchezo wa kumfaa ni wa kuvutana. Chana suruali kuukuu ya jinzi vipande vitatu, kila kimoja upana wa sentimita 8 na urefu wa 70, visuke na ufunge fundo kubwa kila mwisho. Usitumie kamba ya nailoni: nyuzi zake zikimezwa hukata utumbo. Piga magoti pembeni yake, ukokote kamba ardhini, akiishika vuta kushoto na kulia kwa upole, kamwe si juu na chini, maana shingo inaumia. Mwache ashinde mara mbili katika kila tatu. Hofu ya kwamba mbwa akishinda atajiona bwana wa nyumba haina msingi. Huko huko Southampton walilijaribu jambo hili kwa mbwa 14 aina ya golden retriever, matokeo yakachapishwa mwaka 2002, na kushinda hakukuwafanya wawe watawala. Kwa mbwa mwenye haya, kushinda ndiko kunakomrudisha kwako na kamba mdomoni.

Kunguruma akiwa amelegea, mkia ukienda huku na huku, ni kelele za mchezo. Kunguruma akiwa amekakamaa, macho yamekazwa, achia kamba uondoke bila maneno. Na ukitaka akuachie, usimpokonye. Mpe kipande cha ini, aachie, kisha mrudishie kamba. Akijua kuachia hakumaanishi kunyang'anywa, anaachia.

Nataka acheze, sitaki anilambe

"Assalaam alaikum. Tuna mbwa wa shamba aliyeachwa na jirani aliyehama, mwoga sana. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito. Namhurumia anavyokaa pweke. Upo mchezo wa bila kugusana?" – Mwanaisha, Kwale

Waalaikum salaam, Mwanaisha. Upo, na kwa mbwa mwoga unafaa kuliko wa kugusana. Mambo ya twahara sheikh wako ndiye wa kuyatolea hukumu. Sisi tunajibu upande wa mbwa.

Tafuta bomba la plastiki la maji la nusu inchi, urefu wa mita 1 na robo. Pitisha ndani yake kamba ya pamba nene kama kidole kidogo, itokeze mita 2 upande mmoja, upande wa mkono uipige fundo isichomoke. Mwishoni funga kitambaa cha fulana cha sentimita 30, kilichosukwa. Kamba nyembamba usiitumie; ikimzunguka mguuni akiwa anakimbia itamkata.

Sasa tahadhari: kwa mbwa aliyepigwa, fimbo ni fimbo. Siku tatu nne za kwanza liache bomba chini, omena wametandazwa kando yake, kisha uondoke. Kisha acha bomba, shika kamba tupu ya mita 4 au 5 uikokote ukitembea, bila kumtazama. Siku atakapoifukuzia kamba ndipo urudishe bomba, ukilishika chini ya kiuno. Usilizungushe hewani juu ya kichwa chake. Wengi hufanya hivyo na mbwa hukimbia, kisha husema hapendi.

Kitambaa kiende kama panya: kinakimbia kumkwepa, kinasimama ghafla, kinajificha nyuma ya jiwe, kinatetemeka kidogo. Kinachomjia usoni hakuna mbwa mwoga atakayekishika, maana hakuna windo linalomwendea mwindaji. Kibaki ardhini muda wote. Kuruka na kujipinda huumiza magoti na mgongo. Kila baada ya mifukuzo miwili au mitatu mwache akamate, maana asiyekamata kamwe huchoka moyo. Akishakamata, tuliza bomba, subiri, kisha tupa omena mita mbili upande wa pili. Ataachia mwenyewe, nawe hujagusa kitu.

Chezea mchangani au kwenye majani. Saruji inateleza na inachubua nyayo. Joto la pwani nalo si la mzaha: kabla ya saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Bandika mgongo wa kiganja ardhini. Usipoweza kuvumilia mpaka uhesabu saba, na yeye hawezi. Dakika tano zinatosha, mapumziko yakiwa ndani yake, na ulimi ukitoka mrefu na kupanuka nchani, acha hapo hapo umpe maji kivulini. Bomba liwe na msumari wake wa kulitundika nje, nguo na viatu vya shambani viwe mbali na vya kuswalia, na kitambaa kisibaki naye usiku, kwani akikimeza kitaziba utumbo.

Usiku anacheza, mchana hataki

"Bosco mchana halishughulikii jambo. Usiku wa manane nasikia anakimbia uani na kurusha ndala. Nikifungua mlango ananyamaza na kujilaza." – Peter, Dodoma

Hiyo ni habari njema, Peter. Anajua kucheza, ila hataki watazamaji bado. Usifungue mlango, usimulike tochi wala kumrekodi kwa simu. Keti nje jioni giza likianza kuingia, mgongo kwake, kila siku robo saa mapema zaidi, ukiacha karibu na alipolala kitu kimoja cha kuchezea. Ndala mwondolee asipokuwepo, maana soli ikimeguka hukwama tumboni. Badala yake acha ile kamba ya jinzi, ukiwa umeilaza usiku mmoja ndani ya kiatu ulichovaa ili ishike harufu. Akibeba kitu usichotaka abebe, usimkimbize. Tupa vipande vya ini upande mwingine, akiachia kichukue. Ukimfukuza mara moja tu, amejifunza ama kwamba kuiba ndio mchezo, ama kwamba wewe ni wa kuogopwa. Na kwa Bosco litakuwa hilo la pili.

Watoto wamemzidi

"Watoto wangu wana miaka mitano na minane. Wanampenda mbwa mpya lakini wakimsogelea anakaa kimya kabisa, hasogei. Je, ina maana ameshawakubali?" – Baba Juma, Kigoma

Hapana, Baba Juma, na tungependa ulichukulie hili kwa uzito. Mbwa anayekaa kimya bila kusogea mtoto akimshika ameganda, jambo tulilolieleza kwa Wanjiru. Kuanzia leo asishikwe na mtoto, asikumbatiwe, asifuatwe akilala wala akila, na awe na pembe yake ambayo watoto hawaingii.

Kazi ya watoto iwe kuficha. Mbwa akiwa bandani, wao waweke vipande kwenye trei au chini ya makopo, kisha warudi barazani wakae, nawe umfungulie. Watapata furaha ya kumtazama akitafuta, naye ataanza kujua kwamba harufu ya watoto huja na chakula. Wa miaka minane, mbwa akishazoea, anaweza kubingirisha mpira akiwa ameketi karibu yako. Kuvutana kamba kusubiri. Mbwa akiwakimbilia, wasimame wima, mikono kifuani, watazame vidole vya miguu. Mtoto anayekimbia na kupiga kelele ndiye anayefukuzwa. Mpira wao wa matambara na nailoni wasimpe: atauchana na kumeza nailoni. Mpira wa kumfaa ni wa raba ngumu, mkubwa kiasi cha kutopita nyuma ya meno ya magego.

Chanjo ya kichaa cha mbwa isipitwe, na mpangilio wa kuirudia auandike daktari. Mtoto akiumwa au hata akiparuzwa na jino, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo, msikae kubishana kama mbwa amechanjwa.

Mstaafu wa mbio

"Nimechukua mbwa wa mbio aina ya greyhound aliyestaafu mashindano, ana miaka minne. Watu wananiambia nimrushie mpira bustanini, yeye ananitazama tu." – Asha, Leeds

Dada Asha, huyo hajawahi kuishi ndani ya nyumba. Amekaa banda la mazoezi, na mchezo pekee anaoujua ni kufukuza windo la bandia linaloendeshwa kwa mtambo. Vioo, ngazi na sauti ya mashine ya kufulia ni vigeni kwake, basi kwanza avizoee. Mpira uliotulia haumwambii kitu. Mpe mdoli laini wenye kupiga mlio, ufunge kamba uukokote ukumbini polepole, mita mbili tatu, mwache aunyakue na kuupeleka kitandani kwake. Wengi wao huanza kwa kukusanya midoli kabla ya kuicheza.

Nje afunguliwe mahali penye uzio tu. Anafika karibu kilomita 70 kwa saa, na akiona paka hatasikia jina lake. Mtembeze dakika kumi kabla ya kukimbia ili misuli ipate moto, na mbio zenyewe zisizidi dakika moja. Lile bomba la kamba tulilomweleza Mwanaisha usilitumie kwake: kona za ghafla kwa mwendo ule huvunja miguu, na ngozi yake nyembamba huchanika kwa kijiti tu. Akikutana na mbwa wadogo, mvishe kofia ya mdomo ya kumzuia asiume, mpaka ujue anawaonaje. Tena greyhound wengi hulala macho wazi na hushtuka vibaya wakiguswa usingizini, kwa hiyo hata kama mdoli uko mguuni pake, mwite jina kwanza, usubiri ainue kichwa.